Suruali ya 12 Inabana, Gauni la 12 Linapwaya: Kutatua Matatizo ya Saizi za Nguo za Kike

Kabla hujaamua kwamba umenenepa, kagua nguo kwanza. Suruali ya 12 uliyookota mtumbani Karume imegoma mapajani. Gauni la 12 la duka la Kariakoo linakupwaya mabegani. Lile la 12 uliloagiza mtandaoni limekwama kifuani, hata kushuka halitaki. Mwili ni uleule na wiki ni ileile. Namba ndiyo haina mwenyewe: hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda, awe Guangzhou, Istanbul au Dhaka, kuandika 12 kwenye kiuno cha sentimita fulani. Kila kampuni inaandika inavyoona.

Mimi ni fundi wa nguo za wanawake, na sehemu kubwa ya kazi ninazoletewa ni kurekebisha nguo nzima, nzuri, ambazo zilinunuliwa kwa kusoma lebo. Nimeyakusanya hapa malalamiko ninayoyasikia sana, na kwa kila moja nimeeleza chanzo na la kufanya. Ruka moja kwa moja kwenye dalili yako ukitaka, ila usiruke sehemu inayofuata, maana bila hiyo mengine yote ni kubahatisha.

Kwanza, vipimo vyako

Tafuta futi kamba, ile ya mafundi. Vaa sidiria unayoivaa kila siku, simama wima, usivute tumbo. Pima kifua pale kilipojaa zaidi. Pima kiuno pale mwili unapojikunja ukiinamia upande. Wengi hupima kwenye kitovu, na kwa wanawake wengi kitovu kiko chini ya kiuno. Pima hipsi pale makalio yalipojaa zaidi, siyo kwenye mifupa ya nyonga. Halafu pima chini ya matiti, futi ikiwa imekaza kidogo. Andika kwa sentimita kwenye simu. Futi kamba nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na nimeshaona mtu akiagiza nguo kwa kuchanganya pande zote mbili.

Sasa chukua gauni moja na suruali moja zinazokukaa vizuri kuliko zote. Zilaze mezani, zinyooshe kwa kiganja bila kuzivuta. Pima gauni kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kiunoni, kisha hipsi. Pima suruali kiunoni, hipsi na paja, halafu mshono wa katikati: anza mbele juu kiunoni, pita katikati ya miguu, malizia nyuma juu kiunoni. Mshono huo ndio unaoamua kama suruali itakukata au itaning'inia, na haumo kwenye lebo yoyote.

Mtumbani hakuna chumba cha kujaribia, na kuzungushia kiuno cha suruali shingoni ni kipimo cha matumaini tu: hakisemi lolote kuhusu hipsi wala mapaja. Chukua utepe mwembamba, uweke mafundo matatu: nusu ya kifua, nusu ya kiuno na nusu ya hipsi za zile nguo zako mbili. Uweke kwenye pochi. Nguo ikilazwa juu ya belo, utepe unakupa jibu kabla hujaanza kupatana bei. Kama hupendi kubeba kitu, jua shubiri yako ni sentimita ngapi. Mabibi zetu walipima khanga hivyohivyo.

Dalili: namba ni moja, nguo hazifanani hata kidogo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo viwili vinavyofanya kazi pamoja: nchi na miaka.

Tuanze na nchi. Kwenye meza moja ya mtumba kuna nguo za Uingereza, Marekani, Ujerumani, Italia, Korea na China, na kila moja imekuja na namba za kwao. Kwa kukadiria, 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani. Ukigeuza, 12 ya Marekani ni 16 ya Uingereza. Hizo ni saizi mbili kamili juu, kama sentimita 8 hadi 10 za kifua. Anayejijua kuwa yeye ni 12 bila kujua 12 ya wapi, hajajua kitu bado.

Ulaya bara ina hesabu yake, na ukishaijua hutaisahau. Chukua kifua kwa sentimita, gawa kwa mbili. Kifua cha 88 kinakupa 44, na hiyo 44 ndiyo saizi ya Italia. Toa 4, unapata 40, saizi ya Ufaransa. Toa 6, unapata 38, saizi ya Ujerumani. Maana yake lebo yenye 40 peke yake inaweza kuwa ya kifua cha 92 ikiwa imetoka Ujerumani, 88 ikiwa ya Ufaransa, na 80 ikiwa ya Italia. Ndiyo maana blauzi ya Kiitaliano ya 40 uliyoipenda kwa kitambaa chake haikupita hata mabegani.

Lebo za China ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinasema ukweli wote kama ukizisoma vizuri. Ukiona 160/84A, ya kwanza ni urefu wa mwili kwa sentimita, ya pili ni kifua, na herufi ni tofauti kati ya kifua na kiuno: Y ni sentimita 19 hadi 24, A ni 14 hadi 18, B ni 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8. Kwenye suruali na sketi ya pili ni kiuno, kwa hiyo 160/68A ni kiuno cha 68. Herufi kubwa ya M iliyo juu yake ipuuze. M hiyo imepangwa kwa dada wa sentimita 160 mwenye kifua cha 84, na ukiwa na kifua cha 100 hasira zote za "M yangu imenibana" hazina pa kwenda.

Za Korea zina namba kama 44, 55, 66 na 77. 55 ilitokana na urefu wa sentimita 155 na kifua cha 85, zikachukuliwa tarakimu za mwisho. Ukikuta 85, 90 au 95 kwenye fulana ya huko, hicho ni kifua kwa sentimita, na ni kipimo cha mwili, siyo cha nguo.

Chanzo cha pili ni miaka. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia Ruth O'Brien na William Shelton, ilipima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za pamoja. Matokeo yalitoka 1941, na yaliyohesabiwa ni ya wanawake weupe tu. Kiwango rasmi kikatangazwa 1958, na 1983 serikali ikakiondoa. Tangu hapo viwango vilivyopo ni vya hiari, na makampuni yamekuwa yakiipunguza namba huku yakiikuza nguo, kwa sababu mteja akiingia kwenye namba ndogo hutoka dukani na furaha pamoja na mfuko. Saizi 8 ya 1958 ilikuwa kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Leo mwili huo ni mdogo kuliko hata saizi 00 ya kiwango cha sasa cha Marekani.

Mchezo huu haujaisha. Mwaka 2018 H&M ilibadilisha saizi zake za Uingereza: vipimo vilivyoitwa 12 vikaanza kuitwa 10. Mtumbani nguo za kabla na za baada ya hapo zinalala pamoja, kwa jina lilelile la kampuni. Wenye kupenda magauni ya zamani, yale ya vifungo vya kufunikwa kitambaa na bitana nzito, wajiandae kupanda namba mbili au tatu bila kusononeka.

La kufanya: geuza lebo yote, usiishie kwenye namba kubwa ya shingoni. Mara nyingi ndani ya mshono wa pembeni kuna lebo ya pili yenye nchi kadhaa, EUR, UK, US, MEX, na pengine sentimita. Ikiwa na nchi zaidi ya moja, soma ya nchi unayoijua. Ikiwa na namba moja tu bila nchi, toa utepe wako.

Dalili: hipsi zimekaa, kiuno kinapwaya nyuma

Unaijua. Suruali imepita mapajani kwa kurukaruka, zipu imefunga vizuri, lakini nyuma ya kiuno kumebaki mwanya wa kuingiza mkono mzima. Ukikaa kwenye daladala, waliosimama nyuma yako wanaona chupi. Ukishuka saizi moja, kiuno kinakaa na suruali haipandi.

Chanzo ni tofauti kati ya kiuno na hipsi ambayo mchoraji wa kiwandani aliichukulia. Majedwali mengi ya Ulaya na Marekani yanaweka tofauti ya sentimita 23 hadi 26. Kiwango cha Uingereza cha 1982, BS 3666, ndiyo kabisa: saizi 12 ni kifua cha 86 hadi 90 na hipsi za 91 hadi 95, kiuno hakitajwi. Sasa njoo uswahilini kwetu, umpime dada mwenye kiuno cha 76 na hipsi za 110. Tofauti ni 34. Hakuna namba ya kumtosha kwenye jedwali la namna hiyo, hata akipanda na kushuka hadi kesho. Kiwandani wanachora saizi moja ya mfano, kisha wanaongeza au kupunguza sentimita chache kila upande kupata saizi nyingine. Umbo linabaki la yule wa kwanza, ni upana tu unaobadilika.

La kufanya ni kununua kwa hipsi na kumpelekea fundi kiuno. Kupunguza kiuno ni kazi ndogo, kuongeza hipsi mara nyingi haiwezekani. Kwenye suruali fundi anafungua ukanda wa kiuno katikati nyuma, anaingiza mshono wa makalio, anarudisha. Njia hiyo inabeba sentimita 5 hivi bila mtu kugundua. Ukitaka zaidi ya hapo, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana hadi inaonekana kama imekabana koo, kwa hiyo inabidi kugawa: kidogo nyuma, kidogo pembeni. Mwambie fundi aifungue mishono ya pembeni hadi juu ya hipsi, asiibane kwa juu tu, la sivyo utapata kona mbili zinazochomoza kama masikio.

Usikubali fundi anayekimbilia lastiki nyuma ya jinzi. Inafanya kazi, lakini inakunja kitambaa na chini ya blauzi nyepesi inaonekana. Kwenye sketi na suruali za kitambaa laini lastiki nusu ya nyuma si mbaya.

Kama unashonesha, hili lisikupate kabisa. Likikupata, fundi alikupima kiuno akakisia hipsi.

Dalili: kila kitu kimekaa, vifungo vya kifuani vinaachia

Shati la kazini linafunga, mabega yako sawa, mikono iko sawa, lakini kati ya kifungo cha pili na cha tatu kuna dirisha. Ukinyoosha mkono kufikia kitu mezani, dirisha linakuwa mlango.

Hapa shida ni kikombe, yaani ukubwa wa titi lenyewe, si mzunguko wa kifua. Wanawake wawili wanaweza kuwa na kifua cha 96 wote: mmoja ana mgongo mpana na matiti madogo, mwingine mgongo mwembamba na matiti makubwa. Futi kamba inawaona sawa. Karatasi nyingi za kukatia zinazouzwa kwa washonaji zimechorwa kwa kikombe B, na ukiwa D au E kitambaa cha mbele hakitoshi hata kama mzunguko wote unatosha.

Nunua kwa kifua, kisha punguza kiuno na mgongo kwa mikunjo miwili ya kushona nyuma. Angalia pia vifungo vimepangwaje: kimoja kinatakiwa kikae usawa wa ncha za matiti. Kikikosekana hapo, weka kifungo cha kubonyeza kwa ndani, kisichoonekana. Pini ya usalama ni suluhisho la asubuhi moja, inatoboa kitambaa.

Na usichanganye hili na kwapa linalokata. Ukihisi kamba chini ya kwapa, na alama nyekundu jioni, tundu la mkono limekatwa dogo. Kwenye gauni lisilo na mikono fundi analichimba kidogo na kulifunga upya. Kwenye shati lenye mikono, rudisha dukani au liache hapohapo.

Dalili: suruali mbili za duka moja, saizi moja, modeli moja, rangi tofauti, moja inabana

Rangi si sababu ya kijinga. Kiwandani vitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja kwa kisu cha umeme. Kisu kikiyumba, tabaka za chini hazilingani na za juu. Kiwanda kinaruhusu tofauti ya sentimita moja hivi kila kipimo. Moja ikiwa imezidi na nyingine imepungua, kati yao kuna sentimita mbili, na zote zimepita ukaguzi. Nyeusi nayo mara nyingi inakuwa ngumu kidogo kwa sababu imekunywa rangi nyingi. Jaribu kila moja, hata kama muuzaji anakwambia "dada, hizi ni zilezile".

Dalili: jinzi imeandikwa 30, kiuno changu ni inchi 30, na bado haikubaliani nami

30 ya jinzi ilianza kama inchi za kiuno. Sasa pima jinzi yenyewe: utakuta 32 au zaidi. Sehemu ya sababu ni halali, kwa kuwa jinzi nyingi hazikai kiunoni, zinakaa chini yake ambako mwili ni mpana. Sehemu nyingine ni uleule mchezo wa kumpendezesha mteja.

Kisha kuna kitambaa cha kuvutika. Angalia lebo ya ndani kama ina elasteni au spandeksi, hata asilimia 2 tu. Jinzi hiyo imekatwa makusudi ikiwa ndogo kuliko mwili. Ukiilaza mezani utakuta ni nyembamba kuliko ile ya pamba tupu, na bado itakukaa. Kwa hiyo utepe wako wa mafundo unafanya kazi kwa kulinganisha ya kuvutika na ya kuvutika, na ngumu na ngumu. Dukani chagua ya kuvutika inayokubana kiasi. Ikikukaa kwa raha siku ya kwanza, itashuka magotini mwisho wa mwezi. Ile ya pamba tupu chagua inayokuruhusu kuchuchumaa.

Na kama mguu mmoja unajizungusha hadi mshono wa pembeni unakuja mbele ya ugoti, usihangaike kupima. Mara nyingi kitambaa kilikatwa kimekaa mshazari. Hakuna fundi atakayekunyooshea.

Dalili: ilinikaa dukani, imenibana baada ya kufuliwa

Pamba inarudi. Ikirudi asilimia 5 tu, suruali ya sentimita 100 inapoteza sentimita 5, na ile iliyogusa kiatu inaanza kuonyesha vifundo. Vitambaa vya reyoni hurudi kuliko hapo. Poliesta hairudi, ila pasi ya moto inaiharibu kwa namna nyingine. Upande huu mtumba unashinda: nguo imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, kilichotakiwa kurudi kimesharudi. Unachokipima ndicho utakachokaa nacho.

Kwa kitenge na khanga, loweka kabla ya kukata. Zina wanga wa kiwandani, zikiingia maji zinalainika na kurudi. Wateja hawapendi kusikia hivi, wanataka gauni la harusi kesho kutwa. Matokeo yake yanaonekana kwenye gauni lenye bitana: kitenge kimerudi baada ya kufuliwa, bitana ya poliesta haijarudi, na sasa bitana inachungulia chini kwa sentimita mbili. Hilo si tatizo la saizi na dawa yake ni kufumua upindo wa bitana na kuufupisha. Lakini kama kimerudi kifuani, hakuna pa kukitoa.

Dalili: nimeagiza mtandaoni kwa jedwali lao, na bado

Jedwali la muuzaji linaweza kuwa la aina tatu, na wengi hawasemi ni lipi. La kwanza ni la mwili: kifua 92 maana yake linamfaa mwenye 92. La pili ni la nguo: kifua 92 maana yake nguo yenyewe ni 92, na kama kitambaa hakivutiki, mwenye kifua cha 92 hawezi kupumua ndani yake. Gauni lisilovutika linahitaji sentimita 5 hadi 10 za ziada kifuani. La tatu ni nguo iliyolazwa: kifua 46, ambacho ni nusu. Ukiona kifua cha 46 usicheke kwamba ni cha mtoto.

Ujanja wa kutambua: angalia urefu wa gauni na upana wa mabega. Kama jedwali linazo safu hizo, vipimo ni vya nguo. Kama lina kifua, kiuno na hipsi peke yake, huenda ni vya mwili. Soma picha za waliokwishanunua, hasa wanaotaja kimo na uzito wao, kuliko nyota.

Kwa wauzaji wetu wa WhatsApp na Instagram, "inavaa 8 hadi 16" au "fri saizi" ni maelezo ya muuzaji anayetaka kumaliza mzigo. Dera ni fri saizi kweli, limeshonwa liwe hivyo. Gauni la kubana lenye zipu haliwezi kuwa. Mwambie kwa upole: "Dada, naomba ulilaze uniwekee futi kamba kutoka kwapa hadi kwapa, unipigie picha." Mwenye nguo ya kueleweka atapiga. Anayekujibu "litakutosha tu mpenzi" bila picha, mwachie.

Dalili: nimeambiwa abaya yangu ni 56, mbona mimi ni 14?

Abaya za Dubai na Oman, zinazojaa Kariakoo, Darajani na Mombasa, hazihesabiwi kwa upana. 52, 54, 56, 58, 60 ni urefu kwa inchi, kutoka begani hadi chini. 56 ni sentimita 142 hivi. Mwanamke mrefu mwembamba na mwanamke mrefu mnene wote wanaweza kuambiwa 58, na upana waujadili kando. Pima kutoka juu ya bega hadi pale unapotaka pindo liguse, ukiwa na viatu utakavyovaa. Kama abaya ni ya kufunga mbele, uliza mzunguko wa hipsi, la sivyo utatembea umeishika kwa mkono mmoja.

Dalili: sidiria inapanda mgongoni, au titi linamwagika juu

Mtumba wa nguo za ndani umepigwa marufuku na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo hapa unanunua mpya, na huna kisingizio cha kutosoma saizi. Namba ni mzunguko, herufi ni kikombe. 34 ya Uingereza ni 75 ya Ujerumani na 90 ya Ufaransa, na zote ni sidiria moja.

Vurugu inaanzia kwenye namna ya kupata hiyo 34. Njia ya zamani inapima chini ya matiti kwa inchi na kuongeza 4: ukiwa na 30 unaitwa 34. Njia nyingine haiongezi chochote: 30 ni 30. Mwanamke mmoja anapewa saizi mbili zilizoachana namba mbili, kutegemea muuzaji alijifunza wapi. Mimi ninaamini mwili: anza kujaribu bila kuongeza, panda ukikosa pumzi.

Mkanda ukipanda mgongoni, mzunguko ni mkubwa. Shuka namba moja na panda herufi moja. 36B ikikupwaya, jaribu 34C, kikombe chake kina ujazo uleule. Mikanda ya mabegani ikikuchimba, mara nyingi pia ni mzunguko uliolegea unaoyaachia mabega kazi yote. Titi likimwagika juu au pembeni, kikombe ni kidogo, panda herufi na uache namba. Sidiria mpya ifunge kwenye tundu la nje kabisa. Ikilegea na miezi, sogea ndani.

Dalili: inabana, nataka iachiwe

Geuza nguo kabla hujalipa. Nguo nyingi za kiwandani zimekatwa na kufungwa ukingo kwa mashine moja, na ndani ya mshono kuna sentimita moja tu. Hapo hakuna cha kuachia. Sketi za suti, suruali za kitambaa na magauni ya zamani mara nyingi zina sentimita mbili au tatu, hasa katikati nyuma, na fundi anaweza kukupa upana wa kuvaa na kula pilau.

Kisha angalia kwenye mwanga kama nguo ilishawahi kurekebishwa: uzi wa rangi tofauti, mshono uliopinda, safu ya pili ya matundu ya sindano. Mtumba mwingi umepita kwa fundi wa huko, na lebo inasoma saizi ambayo nguo iliacha kuwa zamani. Ikiwa ilipunguzwa, bahati yako, kitambaa kiko ndani kinasubiri. Ila kwenye satini, ngozi na vitambaa vilivyofumwa kwa kubana sana, matundu ya mshono wa zamani hayafutiki. Yatabaki kama mstari wa vidoti pembeni ya paja, na kama huwezi kuufunika kwa utepe wa urembo, mrudishie muuzaji nguo yake.